Bei elekezi ya sukari: uchambuzi wake unafanywaje zaidi ya kuchora mistari miwili?

Pakacha

Wakuu, salaam. Naandaa uchambuzi wa kurasa tatu kuhusu bei elekezi ya sukari Tanzania Bara, kwa kutumia tukio la Januari 2024. Mvua za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa, uzalishaji ukashuka, mtaani kilo ikafika Sh4,000 na kupita, ndipo ikatangazwa bei elekezi ya rejareja kati ya Sh2,700 na Sh3,200 kutegemea mkoa.

Mchoro wa vitabuni ninao: mahitaji yanashuka, ugavi unapanda, bei ya serikali iko chini ya makutano, na pengo la katikati ndilo uhaba. Ukishauchora umetumia dakika tano na hujamwambia waziri lolote asilolijua. Nataka kwenda mbele kidogo. Ukubwa wa uhaba unapimwaje badala ya kutajwa tu? Tofauti kati ya bei halali na bei ya mtaani inaishia mfukoni mwa nani? Na je, kuna mazingira ambayo bei elekezi inafanya kazi kweli, au ni kosa kila inapotumika?

Mwenye hesabu aweke hesabu tafadhali, maneno matupu nimeshayasoma ya kutosha.

Kipimo

Anza kwa kurekebisha huo mchoro wenyewe. Mstari wa ugavi unaopanda taratibu ni wa mwaka mzima au zaidi. Katikati ya masika mstari huo umesimama wima. Shamba likiwa tope, trekta na malori hayaingii. Hata ukibahatika kuukata muwa, umenyonya maji na sukari yake kwa tani imepungua, kwa hiyo kiwanda kinasaga mzigo mkubwa kupata sukari kidogo. Muwa mpya nao unahitaji mwaka hivi tangu kupandwa. Bei ikipanda mara mbili mwezi huu, shamba halitoi hata kilo moja ya ziada mwezi huu. Bei kubwa ya ghafla inaita sukari kutoka maghalani na bandarini, haiiti kutoka shambani. Hilo likae ukurasa wa kwanza, kwa sababu linaamua kila kitu kinachofuata.

Sasa hesabu. Chukua mji wa mfano (namba ni zangu za kufundishia, usizinukuu kama takwimu). Kwa kawaida mji unakula tani 500 kwa mwezi, kilo ikiwa 2,800. Sukari ni kitu ambacho watu hawaachi upesi, kwa hiyo tuweke unyumbufu wa mahitaji karibu 0.4: bei ikipanda kwa asilimia 10, ununuzi unashuka kwa asilimia 4. Mstari wa mahitaji unatoka hivi:

Tani zinazohitajika = 696 − (0.07 × bei)

Jaribu: 0.07 × 2,800 = 196, na 696 − 196 = 500. Sawa.

Mvua zikishusha ugavi hadi tani 430, bei inayosawazisha soko ni (696 − 430) ÷ 0.07 = Sh3,800. Ona uwiano wake. Ugavi umepungua kwa asilimia 14, bei imepanda kwa asilimia 36 hivi. Kanuni ya haraka ya kichwani: gawanya upungufu kwa unyumbufu, 14 ÷ 0.4 = 35. Wanaosema "uzalishaji umepungua kidogo tu, mbona bei imepanda hivi, lazima kuna hujuma" wamesahau kugawanya. Hujuma inawezekana ipo, ila ongezeko hilo peke yake haliithibitishi.

Weka bei elekezi ya 3,000. Mahitaji yanakuwa 696 − 210 = 486. Ugavi ni uleule 430. Uhaba ni tani 56. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza.

La pili. Kwa tani 430 zilizopo, mlaji wa mwisho kwenye foleni yuko tayari kulipa 3,800, na sheria inasema 3,000. Tofauti ni Sh800 kwa kilo, mara kilo 430,000, sawa na Sh344 milioni kwa mwezi katika mji mmoja. Fedha hiyo amri haiifuti, inaiacha mezani ichukuliwe na aliye karibu. Kama kiwanda kinauza kwa bei halali na wakala anapitisha mlango wa nyuma, ni ya wakala. Kama duka ndilo linalojificha, ni ya duka. Na kama kila mmoja anatii, mlaji anailipa kwa muda: foleni inarefuka hadi bei pamoja na muda ikaribie 3,800. Mtu anayepewa kilo 2 kwa 3,000 yuko tayari kuongeza muda wa thamani ya Sh1,600. Kama saa yake moja ni Sh1,000, atasimama saa moja na nusu, na muda huo haumfaidishi mtu yeyote.

Jambo moja ambalo wengi hukosea: usiweke ile pembetatu ya hasara ya vitabuni, yaani eneo la mchoro linaloonyesha biashara iliyopotea. Ugavi ukiwa wima, bei elekezi haipunguzi tani zilizopo mwezi huo. Hasara inatoka kwenye mgawanyo mbaya (anayeihitaji sana anakosa, anayejuana na mwenye duka anapata) na kwenye foleni. Pembetatu inakuja baadaye, pale watu wanapoacha kuleta mzigo.

Mtaa wa Pili

Mkuu hesabu nzuri lakini mnazunguka. Wafanyabiashara wanaficha mzigo, basi. Wakikamatwa kumi na maghala yakafunguliwa, sukari inajaa mtaani kesho yake.

Chekecheke

Inajaa kesho yake, mkuu, keshokutwa je?

Tuhesabu kuhodhi. Mwenye ghala amenunua kilo kwa 3,000. Mkopo wake wa biashara tuseme ni asilimia 18 kwa mwaka, yaani 1.5 kwa mwezi, sawa na Sh45 kwa kilo. Ongeza 10 ya ghala na ulinzi. Kuikalisha kilo moja mwezi mzima kunamgharimu Sh55. Akitarajia bei ya mwezi ujao itapanda zaidi ya hapo, anaikalisha. Akitarajia meli inaingia, anaiachia yote wiki hii kabla haijamwozea mikononi. Hapo hutenganishi mwema na mwovu, ni matarajio tu.

Tena kuweka akiba kabla ya uhaba ni huduma. Sukari ya Novemba iliyolala hadi Februari imehamishwa kutoka mwezi wenye nafuu kwenda mwezi wenye shida. Ukiwakamata wote wenye akiba mwaka huu, mwakani maghala yanaingia masika yakiwa matupu, na shimo linakuwa kubwa zaidi.

Kuna tatizo la aina nyingine ambalo amri yenyewe hulitengeneza. Amri ikiwa na tarehe ya mwisho inayojulikana, na kila mtu anajua kwamba baada ya tarehe hiyo bei itaachiwa, umemwandikia mwenye ghala lini auze. Kwenye mji wa Kipimo, tani 30 zikifichwa kungoja tarehe, soko linabaki na 400. Bei ya kichochoroni: (696 − 400) ÷ 0.07 = karibu Sh4,230. Bila amri ilikuwa 3,800. Kwa hiyo inawezekana kabisa bei halisi ikapanda kwa sababu ya amri ya kuishusha.

Kuna kuhodhi kwingine, hata hivyo, na hapo Mtaa wa Pili ana hoja: pale wenye mzigo ni wachache kiasi kwamba mmoja akifunga ghala bei inatikisika. Hilo ni suala la nguvu ya soko na lina hesabu yake. Nitarudi.

Dira ya Bandari

Naongeza kipande ambacho uchambuzi mwingi unakiruka, nacho kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote: bei ya sukari ya nje ikifika ghalani Dar. Bei elekezi ikipangwa bila karatasi hii pembeni, umeipanga gizani.

Mfano, kwa tani, namba za mviringo zinazokaribia hali ya mwanzoni mwa 2024. Sukari nyeupe bandari ya kupakilia dola 650. Nauli ya meli na bima 90. Jumla 740, na hii ndiyo thamani ya forodha.

Ushuru sasa. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa sukari ni asilimia 100 au dola 460 kwa tani, kipi kikubwa. Kwa nakisi, yaani pengo kati ya sukari ya ndani na mahitaji, serikali huomba nafuu, na waagizaji wenye kibali wanalipa kiwango cha chini. Tuseme kibali kinakupa asilimia 25: dola 185, tunafika 925. VAT asilimia 18 juu ya 925 ni 166.5, tunafika 1,091.5. Upakuaji, ukaguzi, tozo za forodha na reli, lori hadi ghalani, weka 60 kwa pamoja. Jumla dola 1,151.5. Kwa dola moja Sh2,500, tani ni Sh2,878,750, yaani Sh2,879 kwa kilo ikiwa ghalani Dar. Ongeza Sh250 za muuzaji wa jumla, usafiri wa ndani wa karibu na duka: rejareja 3,130 hivi. Kigoma au Kagera ongeza tena.

Rudi kwenye mji wa Kipimo. Mlango wa nje ukiwa wazi kwa ushuru wa 25, hakuna atakayelipa 3,800 kwa muda mrefu, kwa sababu mwagizaji ataleta mzigo hadi bei ishuke 3,130. Mahitaji kwa bei hiyo ni tani 477. Za ndani 430. Nakisi ya kuagiza ni tani 47. Bei imeshuka Sh670 kwa kilo bila askari hata mmoja kuingia dukani.

Sasa weka bei elekezi ya 3,000. Ni Sh130 tu chini ya gharama ya kuleta mzigo. Sh130 hizo zinafukuza tani zote 47, kwa sababu hakuna anayeagiza meli ili apate hasara. Ndiyo maana bei elekezi ya 3,200 na ya 3,000 zinafanana machoni lakini ni sera mbili tofauti kabisa: moja iko juu ya gharama ya kuagiza na inaacha meli zije, nyingine iko chini yake na inafunga bandari.

Na ukitaka kuona nguvu ya ushuru, rudia hesabu kwa asilimia 100: 740 + 740 = 1,480; VAT 266.4, nyongeza 60, jumla 1,806.4. Mara 2,500 ni Sh4,516 kwa kilo ghalani. Kwa ushuru kamili mzigo wa nje haugusi soko mpaka mtaani kilo ipite hapo. Dari halisi ya bei ya sukari nchini ni hiyo, na ilipangwa kwenye jedwali la ushuru kabla ya amri ya bei ya Januari 2024.

Halafu kuna muda. Kibali, kupata muuzaji, kufungua barua ya benki ya kumhakikishia muuzaji malipo, meli, kupakua: usitegemee chini ya miezi miwili. Viwanda kwa kawaida hufunga kuanzia Machi au Aprili kupisha masika na matengenezo, vinarudi Mei au Juni. Kibali kikitolewa Aprili, meli inafunga gati siku moja na sukari mpya ya kiwanda cha Kilombero. Bei inaporomoka, mwagizaji anaumia, mwenye kiwanda analalamika, mwaka unaofuata kila mtu anachelewa zaidi.

Nani ana kibali ni swali la motisha pia. Kwa miaka kadhaa vibali vya nakisi vilipewa wenye viwanda wenyewe, kwa hoja kwamba faida ya kuagiza iwasaidie kupanua mashamba. Hoja ina mantiki, lakini fikiria upande wa pili: mwenye kibali ambaye pia ana sukari ya kuuza ndani anapata faida kubwa zaidi kadiri meli inavyochelewa. Sheria ya Fedha ya 2024 iliirekebisha Sheria ya Sukari ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, nao uweze kununua, kuagiza na kutunza sukari ya akiba. Hapo weka aya nzima, ndugu Pakacha.

Pakacha

Dira, hii ya Sh130 imenifungua macho. Swali dogo: mafuta ya petroli nayo yana bei kikomo, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, wanatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mbona vituo havikauki kila mwezi?

Dira ya Bandari

Kwa sababu bei kikomo ya mafuta inafuata fomula. Wanachukua bei ya soko la dunia, gharama za meli kupitia uagizaji wa pamoja, kiwango cha kubadilisha dola, kodi na tozo, faida ya jumla na ya rejareja, na usafiri hadi kila wilaya. Dunia ikipanda, kikomo kinapanda. Kwa maneno ya hesabu yangu ya juu, kikomo kimeshonwa kwenye gharama ya kuagiza, kwa hiyo hakiwezi kukaa chini yake muda mrefu. Kazi yake ni kubana faida ya kati, haikubani wewe wala meli.

Na pale kiliposhonwa vibaya matokeo yalionekana. Agosti 2011 bei zilishushwa kwa mkupuo, vituo vingi vikaacha kuuza kwa siku kadhaa na foleni za magari zikajaa barabarani. Mafuta yaliyokuwa kwenye matangi yalishanunuliwa kwa gharama ya zamani.

Ukitaka bei ya chini kuliko gharama, tofauti lazima ilipwe na mtu anayeonekana kwenye bajeti. Kuanzia Juni 2022 serikali iliweka ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi kwenye mafuta. Waweza kuipinga, lakini angalau bei yake inasomeka, si kama zile Sh344 milioni za Kipimo zinazopita kichochoroni.

Ubao wa Chaki

Nachangia nikiwa Kenya. Ukitaka mfano wa pili wa kulinganisha, tumia kikomo cha riba cha huku. Sheria ya Benki ilirekebishwa 2016, ikaanza kutumika Septemba 14 mwaka huo: riba ya mkopo isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kiwango kilipokuwa asilimia 10, dari ilikuwa 14. Amana za riba nazo ziliwekewa sakafu ya asilimia 70 ya kiwango hicho, yaani 7.

Mama mboga anataka KSh50,000 kwa mwaka. Pesa zenyewe zinaigharimu benki asilimia 7. Kumhoji, kuandika faili na kumfuatilia ni KSh3,000, ambayo ni asilimia 6 ya mkopo mdogo kama huo. Hatari ya kutolipwa weka 8. Jumla 21 kabla ya faida. Dari ni 14. Mkopo haupo. Kampuni inayotaka KSh50 milioni ina gharama ya faili isiyofika nusu asilimia na hatari ya 2. Inapita chini ya dari vizuri. Hatari na gharama hizi ni za kufundishia, lakini mpangilio ndio uleule: dari iliwekwa kwa jina la mdogo, ikamnufaisha mkubwa. Benki zilizobaki na pesa zilinunua dhamana za serikali, ambazo hazihitaji faili wala kufuatiliwa.

Sakafu ya amana nayo ilikwepwa kwa kuwahamishia wateja kwenye akaunti zisizo na riba. Ikaondolewa 2018, na dari yenyewe ikafutwa Novemba 2019.

Tahadhari moja ukiandika haya: ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulishuka hadi chini ya asilimia 3 kufikia mwisho wa 2017, lakini ulikuwa umeanza kushuka kabla ya sheria, na 2017 ulikuwa mwaka wa uchaguzi na ukame. Ukiandika "kikomo kilishusha mikopo kutoka huku hadi kule" msomaji makini atakurudisha kuketi.

Chekecheke

Nimerudi na swali la tatu, lini bei elekezi inasaidia.

Chukua mahali penye muuzaji wa jumla mmoja tu, kisiwani au wilaya ya mwisho wa barabara. Kilo inamgharimu 2,700 ikiwa mlangoni kwake. Akiuza 3,600 anauza tani 200 kwa mwezi, faida Sh900 × 200,000 = Sh180 milioni. Akishusha hadi 3,200 anauza tani 230, faida Sh500 × 230,000 = Sh115 milioni. Hatashusha. Mwekee bei elekezi ya 3,200: bado ana faida ya Sh500 kwa kila kilo, na njia pekee ya kupata zaidi ni kuuza zaidi. Mzigo unaongezeka kutoka 200 hadi 230. Hapa amri imeshusha bei na kuongeza bidhaa, jambo ambalo mchoro wa mistari miwili unasema haliwezekani. Mushkeli ni kwamba ukikosea ukaweka 2,650, duka linafungwa. Nafasi yako ya kukosea ni kati ya 2,700 na 3,600, na anayejua 2,700 kwa uhakika ni yeye mwenyewe.

Kipimo cha kujua uko kwenye hali gani ni rahisi: baada ya amri, rafu zimejaa au zimekauka? Zikijaa, ulikuwa unabana faida ya mtu. Zikikauka, ulikuwa unabana gharama.

Sasa shuka hadi duka la Mangi, maana amri inamgusa yeye na ndiye anayepigwa faini. Mfuko wa kilo 50 kwa jumla Sh147,500, ni 2,950 kwa kilo. Bajaji hadi dukani Sh1,500 kwa mfuko, 30 kwa kilo. Vifungashio vya robo na nusu, 20 kwa kilo. Mfuko wa kilo 50 ukiupima robo robo hautoi robo 200. Nusu kilo inapotea kwa kuchuruzika na mkono wa kupimia, ni 30 nyingine. Jumla 3,030. Bei halali 3,000. Kabla ya kodi ya pango na leseni tayari yuko chini kwa Sh30.

Atafanya nini? Hatauza mfuko mzima hadharani. Ataweka kilo tano chini ya meza za wateja wake wa daftari. Atakwambia sukari ipo ila uchukue na sabuni. Na iliyo kubwa: bei elekezi imeandikwa kwa kilo, ila wengi wananunua robo. Robo kwa Sh1,000 ni Sh4,000 kwa kilo, na mkaguzi akipita ataona kibao cha "kilo 3,000" kimeandikwa kwa chaki nzuri kabisa. Ukitaka kujua bei anayolipa maskini, uliza robo, usiulize kilo.

Mtaa wa Pili

Hiyo ya sabuni imenimaliza. Sawa, nimekubali nusu. Nusu nyingine bado wanaficha.

Pakacha

Haha, sawa. La mwisho, wakuu. Unyumbufu wa 0.4 mmeuweka kwa mfano. Mimi nikitaka kuupata kwa data za kweli, nichukue tu bei na kiasi cha miaka kumi nichore mstari?

Kipimo

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapotea. Kila nukta unayoiona ni makutano ya mahitaji na ugavi ya mwezi huo. Mwezi mmoja ugavi umesogea, mwingine mahitaji yamesogea kwa sababu watu wameongezeka au mishahara imepanda. Ukiunganisha nukta zote utapata mstari usio wa mtu yeyote. Wakati mwingine unapanda, na utajikuta unaandika kwamba sukari ikipanda bei watu wananunua zaidi.

Unahitaji tukio lililosogeza ugavi peke yake huku mahitaji yakibaki palepale. Mvua ya Morogoro na Kagera ndiyo hiyo. Inazuia uvunaji, lakini mnywa chai wa Mwanza hana habari na tope la Kilombero. Linganisha mwezi wa mvua kubwa na mwezi uleule wa mwaka wa kawaida, bei zote mbili ukiwa umezitoa mfumuko kwanza. Kiasi kikishuka kwa asilimia 9 na bei ikapanda kwa 25, unyumbufu ni 9 ÷ 25 = 0.36. Fanya kwa matukio kadhaa upate wigo, kisha kwenye uchambuzi jaribu 0.3 na 0.5 zote mbili. Kwa upungufu uleule wa asilimia 14, ya kwanza inakupa ongezeko la bei la asilimia 47, ya pili 28. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko mabishano yote ya humu.

Mambo matatu ya kuangalia. Kiasi kiwe kilicholiwa: kilichozalishwa, ongeza kilichoagizwa na kilichokuwa maghalani mwanzoni mwa mwezi, toa kilichobaki maghalani mwishoni. Sukari ya viwanda vya soda na biskuti iondoe, ina soko lake na ushuru wake.

Miezi ambayo bei elekezi ilikuwa ikitumika itupe nje kabisa. Bei iliyoandikwa kwenye fomu ya mkaguzi siyo iliyolipwa, kwa sababu alizoeleza Chekecheke.

Na mwezi wa Ramadhani usiulinganishe na mwezi usio Ramadhani. Uji, tambi, kalimati na futari nzima vinasogeza mahitaji yenyewe, na mwezi huo unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo "Machi kwa Machi" inaweza kukudanganya. Mwaka 2024 Ramadhani ilianza kwenye wiki ya pili ya Machi, uhaba ukiwa haujaisha. Ukiubakiza mwezi ule kwenye hesabu yako, kiasi kitaonekana kimeshuka kidogo huku bei ikiwa juu sana, na utapata unyumbufu mdogo kuliko ulivyo.